Kuingia Msituni Bila Shoka

Mtu anayeingia msituni pasipo shoka, pasipo mtego, pasipo kikapu, anafanya kazi gani huko? Wengi watajibu mara moja: «Hafanyi kitu, ni mvivu.» Tulipime jibu hilo, ndugu wasomaji, maana si jambo dogo.

Katika jimbo la Maine, huko Marekani, kando ya bahari ya Atlantiki, iko hifadhi ya taifa iitwayo Acadia. Ndani yake mna ziwa dogo, jina lake Jordan Pond. Njia ya miguu inalizunguka, mwendo wa kilometa 5 hivi, kati ya miti na mawe. Penye matope wametandika mbao. Maji yake ni maangavu, na upande wa kaskazini vinasimama vilima viwili vya mviringo kama mapacha. Watu huja, hutembea, hutazama, kisha hurudi mikono mitupu. Kuoga ni marufuku, hata kutia miguu majini. Kwa nini? Kwa sababu watu wa kijiji cha Seal Harbor hunywa maji hayo.

Tena msitu ule haukujilinda wenyewe. George Dorr, mwana wa matajiri, alitumia miaka mingi na sehemu kubwa ya mali yake kwa kukusanya ardhi ile, yeye pamoja na wenzake, wakaikabidhi serikali mwaka 1916. Mwaka 1919 ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1929 ikapewa jina la Acadia. Dorr alikufa mwaka 1944.

Lakini maskini atasema: «Hayo ni mambo ya matajiri. Mimi nisipoleta kuni, watoto watalala njaa.» Neno lake ni la kweli. Mwenye njaa hatumwambii atazame tu. Hata Wawabanaki walivua na kuwinda katika nchi ile zamani sana, kabla tajiri yeyote hajajenga huko nyumba ya kupumzikia. Basi, kuchukua si kosa.

Walakini tupambanue mvivu na mwenye kupumzika. Mvivu huacha mzigo wake umwangukie mwenziwe. Mwenye kupumzika amekwisha kuubeba wake, ameutua kidogo tu. Ukiwaona wameketi, wanafanana; mioyo yao haifanani.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Mtu aliyezoea kuuliza juu ya kila kitu, «Kitanifaa nini?», mwisho atauliza hivyo hata juu ya jirani yake, juu ya mzee asiye na nguvu, juu ya mtoto mgonjwa. Anayefua nguo penye chemchemi, huku mwenzake anateka maji chini yake, hakukosa akili. Amekosa zoea la kujizuia. Zoea hilo halifundishwi kwa maneno matupu. Hufundishwa kwa kutazama kitu kizuri na kukiacha kilivyo, kwa ajili ya mtu usiyemjua.

Basi Jumapili alasiri, kazi zikiisha, wachukue watoto mpaka mtoni au ziwani. Shoka libaki nyumbani. Wakikuuliza, «Baba, tunakwenda kuleta nini?», wajibu: «Leo hatuleti kitu.» Nao watashangaa, na huo ndio mwanzo wa somo.