Mfalme Aliyewaachia Bunduki

Charles wa Kumi wa Ufaransa hakuisoma historia vitabuni, ilimpitia mlangoni. Kaka yake, Louis wa Kumi na Sita, alikatwa kichwa na wanamapinduzi mjini Paris Januari 1793, na yeye mwenyewe alizunguka ugenini miaka mingi kabla ya kurejea kwao 1814. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba hakujifunza. Alijifunza, ila alitoka na funzo la kinyume. Aliamini kuwa kilichomponza kaka yake ni upole: aliwapa watu hiki, wakadai kile, hadi wakaidai shingo yake. Alipokalia kiti 1824, akiwa na miaka 66, alikuwa amekwisha kata shauri kwamba yeye halegezi.

Wala hakuombwa makubwa. Katiba ya 1814, ambayo mwenyewe aliapa kuilinda, iliwapa kura wanaume waliofika miaka 30 na kulipa kodi ya faranga 300 kwa mwaka. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 30, wapiga kura hawakufika laki moja. Hao ni wenye mashamba, wafanyabiashara na mawakili, watu wenye mali ya kupoteza, ambao mapinduzi ni jambo la mwisho wanalolitaka. Mfalme mwenye akili angewakumbatia. Charles akachagua kugombana nao.

Alianza na sheria ya kuwalipa fidia makabaila walionyang'anywa ardhi wakati wa mapinduzi, na nyingine iliyoruhusu adhabu ya kifo kwa anayekufuru ndani ya kanisa. Aprili 1827 akawakagua Walinzi wa Taifa, raia wa Paris wenye maduka na kazi zao, waliovaa sare zao na kulinda mji. Baadhi yao wakapaza sauti kuwakataa mawaziri. Mfalme akakasirika, akakivunja kikosi kizima kwa amri moja. Bunduki hazikukusanywa, kila mtu alirudi nyumbani na yake. Sijui waziri gani alipaswa kulikumbuka hilo, lakini hakuna aliyelikumbuka.

Agosti 1829 akamweka Polignac serikalini, mtu aliyechukiwa na wengi. Machi 1830 wabunge 221 wakamwandikia mfalme, kwa adabu zote, kwamba serikali hiyo haina imani yao. Akalivunja bunge. Wapiga kura wakarudisha wapinzani wengi zaidi, 274. Katikati ya hayo majeshi yake yakaiteka Algiers, 5 Julai, na ushindi huo ukampa kichwa. Alisahau kwamba askari wake walio bora sasa wako ng'ambo ya bahari.

Tarehe 25 Julai, katika kasri la Saint-Cloud, akatia saini amri zake. Magazeti yasichapishwe bila kibali. Bunge jipya livunjwe kabla halijakaa hata siku moja. Na kodi ya leseni ya biashara isihesabiwe tena katika kumpa mtu haki ya kura. Kesho yake, amri zilipotoka, mfalme alikwenda Rambouillet kuwinda. Marmont, jemadari aliyetakiwa kuulinda mji, hakuwa ameandaliwa kwa lolote.

Siku iliyofuata, Jumanne, polisi walifika kwenye kiwanda cha gazeti la Le Temps kuvunja mitambo. Milango ilikuwa imefungwa. Wakamwita fundi makufuli. Mhariri Baude akasimama na kumsomea kifungu cha sheria kinachoadhibu uvunjaji wa nyumba. Fundi akavua kofia na kukataa kazi. Mwisho ilibidi aitwe fundi anayewafunga wafungwa minyororo. Serikali ikikosa fundi wa kufungua mlango kwa sababu mafundi wanaijua sheria kuliko mawaziri, imekwisha.

Wachapaji waliofungiwa kazi walikuwa tayari barabarani. Mawe ya njia yakang'olewa, vizuizi vikajengwa, na zile bunduki za 1827 zikatoka majumbani. Siku tatu zikatosha. Tarehe 29 vikosi viwili vya jeshi viligeuka upande wa wananchi, na Paris ikapotea. Mfalme akafuta amri zake, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Tarehe 2 Agosti akajiuzulu, kisha akapanda meli Cherbourg. Alikufa Gorizia, mbali na kwao, 1836.

Kiti kilikwenda kwa jamaa yake, Louis-Philippe, aliyeitwa mfalme wa raia. Yeye aliyaona yote hayo kwa macho yake. Akaongeza wapiga kura kidogo, kisha naye akakaza. Watu walipodai kura zaidi akasema la, na Februari 1848 serikali yake ikapiga marufuku karamu ya wapinzani mjini Paris. Mji ukainuka, na safari hii Walinzi wa Taifa, waliokwisha kurudishwa, walikataa kumpigania. Alivuka kwenda Uingereza akijiita bwana Smith. Tangu hapo Ufaransa imekuwa na marais, na kaizari mmoja katikati. Mfalme hajatokea mwingine.