Muumini na Tasnifu ya Sosholojia

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sosholojia akichagua kutafiti dini, huambiwa mapema kwamba kuwepo kwa Mungu si swali la tasnifu yake. Ataandika nani huongoza ibada, sadaka hupitia mikononi mwa nani, kwa nini kijana aliyehamia mjini hubadili dhehebu. Kama dua hujibiwa, hataandika. Peter Berger, mwanasosholojia Mlutheri, aliuita utaratibu huo ukanamungu wa kimbinu katika kitabu chake cha mwaka 1967. Jina linaogofya, na waumini wana haki ya kuuliza: mtu ataandikaje kana kwamba Mungu hayupo, kisha Ijumaa au Jumapili asujudu kwa moyo mzima? Nashikilia kwamba inawezekana, tena bila kuigawa nafsi yake vipande viwili.

Ushahidi mkubwa ni wa kale kuliko sosholojia yenyewe. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika kitabu cha Muqaddimah mwaka 1377, na mwaka 1384 aliteuliwa kuwa kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo. Mwanasheria huyu wa dini alidai kwamba wito wa dini haufaulu pasipo asabiya, yaani mshikamano wa watu wanaolindana. Hakuwatoa manabii katika kanuni hiyo. Alileta hadithi kwamba Mungu hakumtuma nabii ila awe na ulinzi wa watu wake. Aliikataa pia hesabu ya wanahistoria kwamba jeshi la Musa lilifika watu 600,000 au zaidi, kwa kuwa jeshi kubwa namna hiyo lisingeweza kupangwa wala kupigana uwanjani. Kwake, kueleza njia uliyopitia ujumbe hakukuwa kumkana aliyeutuma. Ikiwa Mungu hutenda kupitia watu, basi kazi yake itaacha alama miongoni mwao, na alama hizo zinasomeka.

Mpinzani atamleta mwanasosholojia Durkheim. Mtoto huyu wa rabi alihitimisha mwaka 1912, kwa kutumia taarifa za wenyeji wa Australia, kwamba nguvu wanayoihisi watu wanapoabudu ni jamii yao wenyewe. Kama ndivyo, Mungu amebakiziwa nini? Lakini chanzo cha imani si kipimo cha ukweli wake. Mtoto hujua kwamba saba mara nane ni 56 kwa sababu kulikuwa na shule, mwalimu na pengine fimbo. Hakuna kati ya hivyo kinachoifanya hesabu iwe kweli au uongo. Tena, kama fikra hubatilika kwa kuzaliwa ndani ya jamii, sosholojia iliyozaliwa Ulaya ya karne ya 19 nayo imebatilika. Durkheim alionyesha kwamba ibada hufunga watu pamoja, na huo ni ugunduzi mkubwa. Kusema kwamba hakuna kingine zaidi ya hapo ni falsafa, na msimamizi anayeipitisha kama matokeo ya utafiti amekosea sawa na anayepitisha muujiza.

Pingamizi zito zaidi ni la mwanazuoni wa Uganda, Okot p'Bitek. Mwaka 1970 aliwalaumu wataalamu, Waafrika wakiwemo, kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya dhana za Kiyunani. Yaani chombo cha utafiti nacho kina asili yake, na anayekishika muda mrefu huanza kuona kile tu ambacho chombo kinaweza kuona. Hili nalikubali kabisa. Hata hivyo, muumini akiukimbia utafiti, maswali yake hayafi. Tanzania haijauliza dini ya mtu katika sensa tangu 1967, kwa hiyo mabishano kuhusu nani ni wengi huendeshwa kwa makisio, na waumini hushuhudia wasichokijua. Anayeogopa kuuliza ni nani wananyamazishwa katika jumuiya yake hamlindi Mungu, anawalinda viongozi. Kinachotakiwa ni uwazi ndani ya tasnifu yenyewe: katika sura ya mbinu, mtafiti aseme anaabudu wapi au kwamba haabudu, ataje alichoweza kukiona kwa sababu hiyo na alichofungiwa, kisha aandike waziwazi kwamba mahojiano na hojaji zake hazikuwa na uwezo wa kuamua kama Mungu yupo.