Asili ya Gari la Kale ni Ipi?

Wako watu, hasa katika Uingereza, watumiao miaka mingi na fedha nyingi kulirudisha gari la kale katika hali yake ya asili. Hununua Landrova iliyoachwa shambani hata majani yameota sakafuni, hulifungua gari lote mpaka skrubu ya mwisho, hukwangua kutu, hunyoosha bati, hutafuta taa na vipini vya mwaka ule ule, hupaka rangi ile ile, na kazi ikiisha husema, “Sasa ni kama lilivyotoka kiwandani.” Watazamaji husifu, na kwa upande wa ufundi sifa hiyo ni haki yao. Lakini neno hili “asili” hutamkwa upesi mno, kana kwamba kila mtu ajua maana yake. Mimi ni mwalimu, si fundi wa magari. Ila maneno ndiyo kazi yangu, na neno hili lafaa lipimwe kabla ya kukubaliwa.

Na tuanze na gari lenyewe, ambalo jina lake limekwisha kuwa neno la Kiswahili. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi katika kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Akaona kwamba kampuni yake yaweza kutengeneza gari la namna hiyo kwa wakulima. Chuma kilikuwa adimu wakati ule, kikigawiwa kwa kipimo na serikali. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Urefu kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma ulikuwa inchi 80, na injini ilikuwa ya lita 1.6. Gari lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, baada ya mpango wa magari 48 ya majaribio. Wenyewe Rover walidhani ni kazi ya miaka miwili mitatu tu, ya kuwavusha mpaka biashara ya magari ya anasa irudi. Hakuna aliyekuwa akijenga kumbukumbu.

Tena kiwanda chenyewe hakikutulia. Taa za mbele hapo kwanza zilikaa nyuma ya wavu. Baadaye zikatolewa mbele yake. Magurudumu yote manne yalikuwa yakisukumwa siku zote kwa mtambo wa namna yake. Haukupita muda mrefu mtambo huo ukaachwa, dereva akapewa kipini cha kuchagua mwenyewe. Basi hata akisema mtu “kama lilivyotoka kiwandani,” twaweza kumwuliza, “La mwezi gani, bwana?”

Lakini hilo ni jambo dogo. Tazama lililo kubwa. Mwezi Januari 2018 kampuni ya Jaguar Land Rover ilitangaza kwamba moja katika magari matatu yaliyoonyeshwa Amsterdam limepatikana, maili chache tu kutoka Solihull, mahali lilipotengenezwa. Lilikuwa limelala bustanini mwa mtu aliyetaka kulitengeneza asimalize. Mara ya mwisho lilitembea barabarani miaka ya 1960. Kisha kwa miaka 20 lilisimama katika shamba huko Wales, halisogei, likitumika kama mtambo wa kutoa nguvu tu. Sasa fikiri: gari hili lina siku chache za maonyesho na miongo ya kazi. Ukilirudisha siku ile ya Amsterdam, umelirudisha katika siku ambayo lilikuwa bado halijamfaa mtu yeyote. Yule mkulima wa Wales na miaka yake 20 watakuwa wapi? Nadhani wenye kazi ile waliliona hilo, maana walisema wataihifadhi hata ile rangi ya kijani ya mwaka 1948 pamoja na alama za uzee zilizomo, wasiikwangue ili kupaka mpya inayong’aa. Ni uamuzi wa busara, na kwa kampuni iuzayo magari mapya ni uamuzi usiotazamiwa.

Swali hili si geni. Plutarch, mwandishi wa Wayunani, aeleza habari za merikebu ya Theseus ambayo watu wa Athens waliitunza, wakiondoa kila ubao uliooza na kutia mwingine, hata wenye hekima wakabishana kama bado ni merikebu ile ile au ni nyingine. Naye Mwingereza Thomas Hobbes, katika karne ya 17, akazidisha ugumu: je, kama mtu angaliziokota zile mbao za zamani na kuziunga tena kwa mpangilio wake, ipi ingalikuwa merikebu ya Theseus? Darasani hili ni fumbo la kuchekesha. Katika gereji si fumbo, ni shauri la kila siku. Fremu iliyooza huvutwa nje, mpya huingizwa, na ile ya zamani hutupwa nyuma ya ua, kesho mwingine aweza kuiokota, kuiungaunga, na kusema, “Gari la kweli ni langu.”

Sheria nayo ilibidi ijibu. Kwa miaka mingi idara ya magari ya Uingereza ililipima gari lililobadilishwa sana kwa kuhesabu alama. Fremu ilipewa 5; springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2; na injini, ambayo sisi huiita moyo wa gari, ilipewa 1 tu. Lisilofikia alama 8 halikuruhusiwa kubaki na namba yake ya zamani. Hata fremu mpya ilihesabiwa, mradi imetoka kwa mtengenezaji mwenyewe na ni ya namna ile ile. Twaona basi kwamba wenye sheria waliuona mfupa kuwa mkubwa kuliko moyo. Sitawalaumu, ilikuwa lazima mstari uchorwe mahali fulani. Lakini alama zile zajibu swali la namba tu. Hazijibu swali la haki ya waliolishika gari.

Na hapo ndipo penye uzito kwangu. Landrova iliyofanya kazi miaka 50 ina viraka. Bati la mlango limebonyea, likagongwa kwa nyundo; kipande cha sakafu kimekatwa katika pipa la mafuta; kishikizo cha springi kimechomelewa na fundi wa kijijini asiyekuwa na kifaa ila akili yake. Mwenye kulirudisha katika asili huja na msumeno, na neno lake la kwanza ni, “Hiki si cha asili,” akakitupa. Nauliza: nani aliyeamua kwamba mkono wa mfanyakazi wa Solihull ni asili, na mkono wa fundi aliyeliokoa gari hilo lisife njiani ni uchafu? Wote wawili walikuwa wakifanya kazi moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba ufa, na kama asingeuziba leo pasingekuwa na gari la kurudishwa.

Ataniambia mtu, “Mwalimu, wataka tuhifadhi kila uovu wa kila fundi mlevi?” La. Kuna kiraka kilichofanywa kwa akili na kuna kilichofanywa kwa uvivu, na kiraka cha breki kitakachoua watu hakina heshima yoyote. Breki, usukani na magurudumu lazima yawe mazima kwanza, hata ikiwa kwa vyombo vipya kabisa. Kadhalika nakubali kwamba yafaa yawepo magari machache yaliyorudishwa kabisa kama siku ya kwanza, ili vijana waone kwa macho yao mambo yalivyokuwa, maana picha haitoshi. Neno langu ni kwamba gari la namna hiyo ni mfano wa siku moja, na liitwe hivyo. Lisijiite maisha yenyewe.

Kuna na uovu mwingine usio na shaka. Magari ya miaka ya kwanza yana bei kubwa, na bei hufuata kile kibamba kidogo chenye namba ya fremu. Mtu aweza kuwa na kibamba na karatasi tu, akajenga gari zima kwa vyuma vipya, akaliuza kwa jina la zamani. Kila skrubu iko mahali pake, hakuna kosa la ufundi, na bado mnunuzi amedanganywa. Ndiyo maana wapenda magari ya kale wa nchi nyingi, katika chama chao kiitwacho FIVA, waliandika mkataba wa Turin mwaka 2012, wakashauri kuhifadhi kwanza, kubadilisha kidogo iwezekanavyo, na kuandika kila lililofanywa.

Lipo gari moja ambalo mtu wa “asili” angeshindwa nalo kabisa. Mwaka 1955 wanafunzi wa Oxford na Cambridge waliondoka London na Landrova mbili, wakafika Singapore mwezi Machi 1956. Ile iitwayo Oxford baadaye ilipelekwa katika visiwa vya bahari ya Atlantiki, ikachakaa kwa kazi katika St Helena, mpaka iliporudishwa Uingereza na kutengenezwa. Ilirudishwe siku ipi? Siku ya kiwandani mwaka 1955? Siku ya Singapore? Au siku za kisiwani? Waliijibu kwa njia: mwaka 2019 iliondoka Singapore mwezi Agosti, ikaingia London mwezi Desemba, na katika safari alikuwamo mjukuu wa mmoja wa wale wa kwanza, kwa sababu mzee mwenyewe aliugua, hakuweza kwenda.

Kwa hiyo mwenye gari la kale akiniomba shauri, nitamwambia apige picha kila kiraka kabla ya kukigusa, atengeneze kile ambacho kazi yake yakihitaji, na rangi iliyobaki aiache. Awe na daftari, aandike humo tarehe, kilichotolewa, kilichotiwa, na jina la fundi wa zamani likijulikana. Vipande vilivyotolewa avitie katika sanduku, na siku atakapoliuza gari, daftari na sanduku viende pamoja nalo.