Musa Alipokwenda Kusomeshwa

Katika Suratul Kahf, Nabii Musa, mwalimu wa umma mzima, anafunga safari kwenda kutafuta elimu. Khidhri, mwalimu aliyemwendea, anamwonya mapema kwamba hataweza kusubiri. Na kweli: jahazi linatobolewa, Musa anahoji, kijana anauawa, anahoji, ukuta unasimamishwa bila ujira katika mji uliowanyima chakula, anahoji tena. Hapo wanaagana.

Mimi hukikumbuka kisa hiki kila tunapokaa kwenye MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hapa shuleni kwetu Tanga. Moduli ni moja, lakini kila mwalimu huondoka na lake. Wapo wanaonakili kila neno. Wapo wanaongojea posho, nao siwalaumu; mishahara yetu tunaijua. Wanaonifikirisha ni wale wanaobisha.

Mwenzetu mmoja anayekaribia kustaafu amefundisha ba, be, bi, bo, bu miaka yote. Mwezeshaji alipoeleza kuanza na sauti za herufi, kama mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015 ulivyotaka, tena watoto wakae kwa vikundi, mama yule alinyoosha mkono: "Mwanangu, darasa langu lina watoto tisini, wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Hivyo vikundi nivipange wapi?" Watu wakacheka. Mwezeshaji akafunua ukurasa mwingine wa bango kitita, akaendelea.

Wapo watakaomwita mpinga mabadiliko. Mimi sikubali. Musa alipohoji juu ya jahazi hakuwa akitetea cheo chake. Aliwahofia waliomo wasizame. Anayebisha kwa ajili ya watoto wake yuko karibu na elimu kuliko anayeitikia ndiyo huku moyo wake uko kwingine. Mama yule ndiye pekee aliyenifuata baadaye kuuliza sauti ya m inatamkwaje bila kuongezea irabu. Tukasimama barazani, midomo tumeifumba, tukivuma mmm mpaka watoto wakaanza kutuiga.

Subira ilimpasa Musa, kwani aliiahidi mwenyewe. Lakini Khidhri naye hakumwacha gizani. Kabla ya kuachana alimfafanulia yote: jahazi lilikuwa la maskini, na mbele yao alikuwapo mfalme anayepora kila jahazi zima. Deni hilo la ufafanuzi wawezeshaji wetu hawajalilipa. Natamani mmoja wao aje akae asubuhi moja katika darasa lile la watoto tisini, afundishe yeye kwanza, halafu amjibu mama yule swali lake.