Kususia kura na kususia jirani: Mtambile inatuuliza

Ndugu msomaji, liko swali ambalo linahitaji kujibiwa na kila mwenye akili na dini yake. Je, mtu anayeamini kwa dhati kwamba kura yake haitahesabiwa kwa haki, bado ana wajibu wa kwenda kuipiga? Na kama yeye ameamua kubaki nyumbani, ana haki gani juu ya jirani yake aliyekwenda?

Nauliza nikiwa na Mtambile akilini, mji mdogo ulio njiani ukitoka bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake. Huko hakuna asiyejua watu wameelemea wapi. Katika uchaguzi wa 1995 CUF ilizoa viti vyote 21 vya uwakilishi vya Pemba, cha Mtambile kikiwemo, ilhali urais wa Zanzibar ulitangazwa kwenda kwa Dk. Salmin Amour kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Januari 2001, kufuatia uchaguzi wa 2000, waandamanaji walipigwa risasi, makumi ya watu wakauawa na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Kenya. Oktoba 2015 watu walipiga kura, kisha matokeo ya Zanzibar yakafutwa, ilhali kura za Muungano zilizopigwa na watu walewale siku ileile zikahesabiwa kuwa halali. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF ikasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 91.

Sasa tazama tofauti. Marekani, katika uchaguzi wa Bunge lao wa 2014, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 36 tu ya wenye haki ya kupiga kura. Wengi wa waliobaki nyumbani huko hawakubaki kwa msimamo. Walikuwa na shughuli zao, au waliona hakuna kitakachobadilika. Mpemba aliyebaki nyumbani Machi 2016 hakuwa mvivu. Huyu ni mtu aliyezoea kupanga foleni kabla jua halijachomoza. Kimya chake kilikuwa ni neno.

Wapo wanaosema kwamba kura ni ushahidi: unashuhudia kuwa fulani anafaa kubeba amana ya watu. Na Qur'an, katika Suratul Baqara aya ya 282 na 283, imewataka mashahidi wasikatae wanapoitwa, na ikakemea kuficha ushahidi. Kwa hoja hiyo, kususia ni kuficha ushahidi. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini aliyesusia naye ana jibu. Atakuambia: shahidi huitwa mbele ya hakimu. Mimi nilikwishatoa ushahidi wangu Oktoba, ukachanwa. Nikiitwa tena ili niseme mpaka niseme linalotakiwa, huo ni ushahidi au ni kuupamba uamuzi?

Mimi naona jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Anayekataa kusimama mbele ya mahakama asiyoiamini hajaficha ushahidi, kwa sharti kwamba aseme wazi kwa nini amekataa, na aendelee kuidai haki yake kwa njia za halali. Akikaa kimya tu, atatofautishwa vipi na asiyejali? Aidha ajue kuwa kususia kuna gharama. Wahenga walisema, ukisusa wenzio wala. Baada ya Machi 2016, Baraza la Wawakilishi lilikaa bila ya mwakilishi hata mmoja wa kuchaguliwa kutoka CUF. Wakati huohuo, Dodoma walikuwepo wabunge wa CUF kutoka Pemba, kwa sababu kura zao za Oktoba hazikufutwa. Anayesusia aipime gharama hiyo kabla, asije akaishangaa baadaye.

Jambo zito zaidi ni la pili. Baada ya 1995, na tena baada ya 2016, Pemba ilishuhudia watu wakisusiana. Duka la fulani haliendewi. Harusi ya fulani haihudhuriwi. Hata maziko! Maiti analala ndani, na majirani wanaulizana alikuwa chama gani. Mikarafuu nayo ikakatwa, mti ambao humchukua mkulima miaka kadhaa kuulea mpaka uzae.

Hapa hoja ya ushahidi inamgeukia aliyesusia. Kama kura ni ushahidi, basi ni ushahidi wangu, na wa jirani yangu ni wake. Suratun Nisaa aya ya 135 inamtaka mtu asimamie haki hata dhidi ya nafsi yake, wazazi na jamaa zake. Vipi basi nimtake jirani ashuhudie kwa kufuata chama cha mtaa? Ninacholalamikia ni kunyimwa uhuru wa kuchagua. Nikimwadhibu kwa kuchagua, nimefanya kwa mkono wangu mdogo kile ninachokilaani kinapofanywa na mkono mkubwa.

Atasema mtu: lakini mkono mkubwa ndio ulioanza. Ni kweli, na dhima ya mwenye madaraka haiwi sawa na ya raia. Anayesimamia uchaguzi ndiye wa kwanza kuulizwa, kwani watu wanaoona kura zao zinaheshimiwa hawana haja ya kutafutana barazani. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009, asilimia 66 ya waliopiga kura ya maoni ya Julai 2010 waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa utulivu. Hakuna aliyewalazimisha Wapemba kupeana mikono. Walipewa sababu ya kuamini.

Hata hivyo, haki ya maiti juu ya Muislamu haingojei Tume itende uadilifu. Kura unaweza kuisusia na ukawa na hoja. Jeneza la jirani huna hoja ya kulisusia.

Wallahu a'alam.