Lizaveta Hakuwamo Katika Hesabu

Wasomaji wengi wa Uhalifu na Adhabu, riwaya ya Fyodor Dostoevsky iliyotoka mwaka 1866, hubishana juu ya swali moja: je, ni halali kumuua mtu mmoja mbaya ili wengi wapone? Raskolnikov, kijana wa miaka 23 aliyeacha masomo ya sheria kwa umaskini, analijibu kwa hesabu. Bibi kizee Alyona anakopesha kwa rehani na kuwakamua wanyonge. Fedha zake zingewafaa watu wengi. Basi anachukua shoka.

Naona swali lenyewe lina kasoro, na riwaya inaifichua mapema. Maiti ya Alyona ikiwa bado sakafuni, mdogo wake Lizaveta anaingia. Huyu ni mnyonge anayetumikishwa na kupigwa na dada yake. Yaani ndiye hasa ambaye hesabu ile ilidai kumtetea. Raskolnikov anamuua naye pia, kwa sababu tu ameona. Anayeweka uhai wa watu kwenye mizani hudhani anajua nani atakaa upande upi. Hajui. Tena mali aliyoiba anaificha chini ya jiwe, wala haimsaidii yeyote.

Baadaye yeye mwenyewe anashangaa kwamba karibu hamkumbuki Lizaveta. Nasi wasomaji tunamsahau, kwa kuwa tumo kichwani mwa muuaji tukihofia asije akakamatwa. Kwa hili nilitaka kumlaumu mwandishi. Muuaji anapewa miaka minane Siberia, upendo wa Sonya na tumaini la maisha mapya. Lizaveta anapewa kurasa chache. Lakini mwishoni, chini ya mto wa mfungwa kuna Agano Jipya, lile ambalo Sonya alimsomea habari za Lazaro. Sonya aliletewa kitabu hicho na Lizaveta, rafiki yake.

Kisanaa, jambo hili linanitosha: aliyesahauliwa yupo kimya kando ya kichwa cha aliyemuua. Kimaadili, halinitoshi. Hata gerezani, kwa muda mrefu Raskolnikov anajutia kushindwa kwake tu, si damu aliyomwaga. Na Lizaveta hakuulizwa kama yuko tayari kuwa njia ya wokovu wa mtu mwingine. Kwa maoni yangu, toba inayomrudisha muuaji kwenye uhai bila kutaja jina la aliyeuawa bado ina deni.