Mashine Inapokisia Maana

Katika JavaScript, lugha ya programu aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995, ukijumlisha maandishi "5" na namba 1 unapata "51"; ukitoa 1 kwenye "5" hiyo hiyo unapata 4. Alama ya kujumlisha huunganisha pia maandishi, hivyo ikiyakuta upande mmoja, namba nayo hugeuzwa kuwa maandishi. Alama ya kutoa haina kazi nyingine ila hesabu, basi maandishi ndiyo hugeuzwa kuwa namba. Kanuni zote mbili zimeandikwa, na kompyuta inazifuata barabara. Kwa hiyo hatuwezi kuliita jambo hili hitilafu ya mtambo. Ni uamuzi kuhusu maana: mtu alikusudia kitu, mashine ikamwamulia bila kumuuliza wala kumwarifu. Python, lugha nyingine ya programu, ikipewa hesabu hiyo, hukataa na kusimama, na kukataa huko naona ni kumheshimu aliyeiandika.

Watetezi wa ugeuzaji huu wa kimyakimya wana hoja nzito. Umri uliojazwa kwenye fomu ya tovuti huifikia programu ukiwa maandishi, na kugeuza kila kitu kwa mkono kunachosha. Tena Python yenyewe hujumlisha 2 na 0.5 bila kulalamika. Ni kweli, wala siombi ugeuzaji wote upigwe marufuku: 2 ikiwa 2.0 haijapoteza kitu, na hakuna maana ya pili iliyofutwa. Tatizo huanza pale penye maana mbili, mashine ikachagua moja na kuitupa nyingine. Katika Excel, programu ya majedwali, namba ya simu inayoanza na 0712 hupotezewa sifuri ya mbele, kwa sababu programu imedhani ni kiasi cha kuhesabiwa. Jeni iliyoitwa SEPT1 iligeuzwa kuwa tarehe ya Septemba, na makosa ya namna hiyo yakaingia hadi kwenye tafiti zilizochapishwa. Hatimaye jeni hiyo ikaitwa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani wataalamu wa biolojia walilazimika kubadili majina ili wakwepe kisio la jedwali!

Wengine husema tumechelewa, kwamba kanuni zikibadilishwa sasa tovuti za zamani zitavunjika. Hofu hiyo ina msingi, lakini haifungi mjadala. PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi mno, ilikuwa ikijibu kwamba 0 ni sawa na neno "abc". Toleo la 8, lililotoka mwaka 2020, linajibu kwamba si sawa.